Kushuka Ugweno Bila Kuzima Injini

Mtu akitaka kununua pikipiki hapa Same huileta kwanza uani kwangu. Mimi si fundi. Niliseme hilo mapema, maana wako wanaoniita fundi na mimi huwa nanyamaza, neno lenyewe tamu. Shule niliacha darasa la tatu, na mwandiko wangu mnauona. Lakini pikipiki nimeziendesha tangu ujana, kwenye shamba la mkonge, nilikokuwa nikipeleka barua kutoka ofisini hadi kambi za wakataji. Barua zenyewe sikuweza kuzisoma vizuri. Nilizijua kwa uso wa karani aliyenikabidhi. Akikunja uso, hiyo ni ya kumfukuza mtu kazi, na mimi niliifikisha pole pole ili mwenyewe amalize kwanza chakula chake cha mchana. Miaka yote hiyo sikuanguka hata mara moja. Hilo liwekeni pembeni, nitalirudia.

Basi watu huleta pikipiki, mimi naizunguka, naligonga tangi kwa kidole, nasikiliza injini ikiwa bado ya baridi, kisha nasema "chukua" au "rudisha". Sababu huwa sitoi nyingi. Ukitoa sababu nyingi watu wanaanza kubishana nawe.

Siku moja aliyeleta ni mjukuu wangu. Huyu ni mtoto wa binti yangu anayeuza vitenge sokoni, na kazi yake ni uuguzi, kwenye zahanati moja huko juu Ugweno, upande wa Shighatini. Kila Jumatatu alikuwa akipanda basi hadi Mwanga, kisha bodaboda kupanda mlima, na Ijumaa anarudi kwa mama yake. Jumatatu moja bodaboda ikawaharibikia katikati ya mlima, wakakaa juu ya jiwe moja yeye na dereva wakitazama mnyororo uliokatika. Alipofika zahanati ilikuwa saa tano, na mama mmoja alikuwa amekwisha kujifungulia barazani, mikononi mwa mfagizi. Mtoto mzima, mama mzima, mfagizi ndiye aliyezimia. Sisi nyumbani tulicheka. Yeye hakucheka. Alisema kazi yake haitakaa tena mgongoni mwa mtu mwingine, atatafuta pikipiki yake mwenyewe.

Mama yake hakutaka kusikia. Ana sababu. Kaka yake, yaani mwanangu wa kwanza, ana chuma ndani ya mguu kwa ajili ya pikipiki, na mpaka leo akitembea utadhani anakanyaga ngazi ambayo wengine hatuioni. Baada ya mabishano ya siku tatu wakafikia hapa: pikipiki iletwe kwangu. Muuzaji alikubali mtoto aijaribu kwa wiki moja. Babu akisema inafaa, mama hatatia neno tena. Babu akisema haifai, inarudi siku hiyo hiyo, na mtoto arudi mgongoni mwa bodaboda.

Nilikuwa nimeketi na jirani yangu, mzee aliyekuja zamani kutoka Kigoma kukata mkonge, akazeekea hapa, siku hizi anashona viatu vya matairi. Tukaona kitu chekundu kinaingia getini.

"Shikamoo babu. Shikamooni."

"Marahaba. Hiyo nini?"

"Pikipiki, babu."

"Naona ina magurudumu mawili. Nauliza ni nini."

Maana haikufanana na zile tulizozoea. Ilikuwa imevikwa maganda ya plastiki mbele na ubavuni, tangi limeinuka kama kifua cha jogoo, kiti kimekatwa vipande viwili, cha nyuma kidogo kiasi cha kukaa paka. Ndiyo zile za mashindano, ila hii ni ndogo, cc mia moja na hamsini, za watu wanaoanza.

"Hiyo mtu analala juu yake kama mjusi ukutani," akasema jirani.

"Hapana babu, panda uone," mjukuu akamjibu, lakini macho alinikazia mimi.

Niseme ukweli, jibu langu lilikuwa tayari mdomoni. Nilikuwa nimeshasema "rudisha" moyoni kabla hajashuka. Pikipiki isiyo na keria, mtu ataweka wapi mkungu wa ndizi? Gunia la tangawizi utalifunga wapi? Huku kwetu pikipiki ni punda. Lakini sikutaka mtoto aone nimemhukumu bila kutazama, nikavua kofia, nikaizunguka.

Nikaipanda. Miguu yote miwili ikagusa chini, kisigino na vidole, na mimi si mrefu. Hilo nikalitia akilini, maana mtu anayejifunza huanguka akiwa amesimama, si akiwa anakimbia: anaegemea upande, mguu haufiki, basi. Nikaiyumbisha kati ya magoti, nyepesi. Ile yangu ukiiyumbisha hivyo inakubeba wewe. Usukani nilidhani utanikunja mgongo, lakini ulikuwa umeinuliwa kidogo, nikainama kiasi cha mtu anayepuliza moto, si zaidi. Nikabana klachi. Laini! Vidole viwili tu. Nikamtazama jirani nimwoneshe kwamba sijashangaa.

Nikaiwasha, ikanguruma kwa adabu. Nikatia gia, ikazima. Nikawasha tena, nikatia gia, ikazima. Watu wakaanza kusimama getini. Mara ya tatu nikasema, "Hii ina ugonjwa wa plagi."

"Babu," mjukuu akasema kwa sauti ya chini, "stendi."

Stendi ya pembeni nilikuwa sijaikunja. Kumbe pikipiki hiyo, stendi ikiwa chini, inakataa kuondoka. Jirani yangu alicheka mpaka akaweka kisu chake chini. Mimi nikasema ni mpango mzuri, maana vijana wangapi wameondoka na stendi iko chini, wakafika kwenye kona, stendi ikagonga ardhi, wakarushwa. Nilisema hivyo kwa uso mkavu kabisa, kana kwamba nilikuwa naijaribu makusudi.

Nikazunguka nayo hadi sokoni na kurudi. Huko nako sikosi la kusimulia. Pikipiki zetu gia zote zinakanyagwa mbele, moja mbili tatu nne, chini chini chini chini. Hii ya kwanza unaikanyaga chini, nyingine tano unazinyanyua kwa vidole kutoka chini ya kidude. Mimi mguu wangu una miaka mingi kuliko hiyo pikipiki. Nikiwa gia ya tatu nikataka ya nne, nikakanyaga, ikaingia ya pili, injini ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa, na mimi nikasogea juu ya tangi. Lakini nikaona jambo: haikuyumba. Na mbele yangu kwenye kioo kidogo kulikuwa na namba ya gia imeandikwa, kubwa, nyeupe, inakuambia uko ya ngapi. Mtu asiyejua kusoma ataijua. Niliporudi nikasema, "Bado sijasema kitu. Kesho tunapanda mlima. Wewe na hii, mimi na yangu. Nataka kukuona."

Asubuhi tukaondoka. Barabara kuu inayotoka Same kwenda Mwanga mnaijua upepo wake, unatoka uwandani unakusukuma ubavuni, na mabasi yanapopishana nawe yanakuvuta. Nilikaa nyuma nimtazame. Basi likampita, nikakaza meno. Akatikisika kidogo tu, akanyooka. Yale maganda ya plastiki niliyoyadharau yalikuwa yanaupasua upepo, na mimi nyuma yake shati limejaa upepo kama mfuko. Kupanda mlima ndiyo kabisa. Kwenye kona kali ya changarawe akapunguza mapema, akatia gia ya pili, akapanda bila kelele. Pikipiki yangu ilikuwa inakohoa. Nikasema moyoni: mtoto anajua.

Ila kukawa na jambo moja lililoniudhi. Barabara ya Ugweno unapanda kisha unashuka kidogo halafu unapanda tena. Kila tukifika pa kushuka, mimi natoa gia, nazima ufunguo, nateremka kimya. Yeye anashuka injini inawaka. Mara ya kwanza nikadhani amesahau. Mara ya pili nikampigia kelele, "Zima!" Hakuzima.

Hapa inabidi niwaeleze wasio wa huku. Sisi Wapare tunazima tukishuka. Tulianza zamani, petroli ikiwa shida, na hata ilipopatikana hatukuacha. Mlima umekupandisha kwa mafuta yako, unakushusha bure, kwa nini ulipe mara mbili? Kila kijana niliyemfundisha pikipiki, na ni wengi, nilimfundisha hivyo. Wenzetu wa makabila mengine wanatucheka kwamba tunabana mpaka matone. Wacheke. Lakini kuna jambo jingine ambalo sijawahi kulisema, kwa sababu mtu mzima akilisema anaonekana mtoto. Ukizima, unausikia mlima. Unasikia maji kwenye mfereji, jogoo wa mtu, akina mama wanaongea shambani, tairi linasaga changarawe. Unateremka kama hujabebwa na kitu. Mimi nilikuwa napenda hiyo kuliko petroli.

Tulifikia Ngujini kwa dada yangu, ndiko nilikozaliwa. Akatupa makande, na kabla sijameza tonge la tatu nikaanza.

"Mjukuu wangu, kupanda umepanda vizuri. Kushuka hujui. Mtu asiyejua kushuka simpi pikipiki."

"Babu, nashuka kwa gia. Injini ndiyo inaishika. Ukiizima na kutoa gia, unabaki na breki peke yake."

"Breki si ndiyo kazi yake?"

"Na hii ukizima ufunguo, breki zake zinapungukiwa. Umeona ile taa yenye herufi tatu, ABS? Hiyo inazuia gurudumu lisijifunge ukibana kwa nguvu. Inatumia umeme. Ukizima, haipo."

"Mimi nimeshuka mlima huu kabla mama yako hajazaliwa."

Dada yangu akaingilia, yeye hajawahi kunionea haya. "Mwache mtoto achome mafuta yake. Huyu babu yako hata chai anazima moto kabla haijachemka, anasema itamalizikia kwenye kikombe."

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Nikanawa mikono nikasema, "Kushuka naendesha mimi hiyo nyekundu. Wewe chukua yangu. Nitakuonesha." Na nilikuwa nimeshakata shauri: nikifika chini nasema "rudisha". Mtoto alilijua hilo. Alinipa ufunguo bila kunitazama, akavaa helmeti yake polepole, akafunga mkanda, akaufungua, akaufunga tena.

Kona mbili za kwanza nilishuka injini ikiwaka, nikiuzoesha mguu zile gia za kunyanyua. Kisha mteremko mrefu ukafunguka, uwanda wa chini unaonekana mpaka mbali. Nikatoa gia. Nikazima ufunguo.

Kimya. Ile namba ya gia ikapotea, kioo kikawa cheusi kama sufuria. Ikateremka. Ilikuwa tamu, sitadanganya. Pikipiki yangu kuukuu ina misuguano yake, mnyororo unalalamika, matairi mazito, inajizuia yenyewe. Hii haina lalamiko. Ikaanza kukimbia, nami nikawa nasikia upepo badala ya mlima.

Mbele akatokea mama mmoja kutoka shambani, amebeba mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, mkubwa kiasi kwamba anayaona mawe ya miguuni tu. Akaingia barabarani. Nikabonyeza honi. Honi haikulia, nimezima umeme mwenyewe. Nikapiga kelele, sauti ikabaki nyuma yangu. Nikabana breki ya mbele kama ninavyobana ile yangu, kwa vidole vinne na nguvu zote, maana breki yangu ya zamani usipoikamua kama ng'ombe haitoi kitu. Hii ni ya diski. Diski haitaki kukamuliwa. Gurudumu la mbele likajifunga palepale, likateleza juu ya changarawe kama sabuni, na mimi nikalala ubavu wa kulia, nikaburuzwa, nikaishia kwenye mfereji wa maji, maji ya baridi ya Ugweno yakaniingia shingoni.

Yule mama alitua mzigo wake. "Pole babu. Mbona hukupiga honi?"

Nikamwambia imeharibika. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza siku hiyo, na ulitoka bila kuitwa.

Mjukuu akafika na pikipiki yangu, inakuja kwa gia ya pili, injini inawaka. Akaiegesha. Akaja kwangu moja kwa moja, wala ile nyekundu hakuitazama. Akanishika shingo, akanikunja kiwiko, akabonyeza goti, akaniambia nihesabu vidole vyake. Nilipopata vyote ndipo akageuka. Kioo cha kulia kimevunjika, ganda la ubavu limechubuka jeupe, mkono wa breki umepinda. Akaiinua peke yake. Nilisema ni nyepesi, si nilisema? Akaiwasha, ikawaka mara moja. Akasimama ameishika, mgongo umenigeukia.

Nilitaka anigombeze. Angenigombeza ningepata cha kujibu. Alisema tu, "Babu, utasema unavyoona."

Akaendesha yeye ile nyekundu, mimi nikarudi kwenye yangu. Na njia nzima ya kurudi, upepo ule ukinipiga, nilikuwa na maneno yaliyokaa vizuri sana mdomoni. Breki zake kali mno. Kitu cha kukimbilia, kimenitupa mimi mwenye uzoefu, kitamfanyaje mtoto? Watu wote wa Same wangeamini. Binti yangu angeamini wa kwanza. Hata mwanangu wa mguu wa chuma, mimi ndiye niliyesema siku ile kwamba breki za pikipiki yake zilikuwa mbovu, na kila mtu akaamini, na fundi aliyeitengeneza akapoteza wateja. Nilifikiri hayo mpaka nikapita njia ya kuingilia nyumbani, ikabidi nigeuze.

Binti yangu alikuwa amekwisha kufunga meza yake sokoni, amekuja kusubiri uani kwangu, na jirani yupo na viatu vyake. Aliona kioo kilichovunjika kabla hajaona damu kwenye kiwiko changu.

"Si nilisema! Imemwangusha?" Akamshika mtoto mabega, anamgeuza kama anatafuta tundu kwenye kitenge. "Imekuangusha?"

"Haikumwangusha mtu," nikasema. "Mimi nimeiangusha."

Jirani akaacha kushona. "Wewe? Si hujawahi kuanguka wewe?"

"Leo nimewahi."

"Breki?" binti akauliza.

Mlango ulikuwa wazi hapo, mnaona. Ningesema ndiyo tu.

"Breki ni nzuri kuliko za pikipiki zote zilizowahi kuingia uani hapa. Nilizima. Nilitoa gia nikazima injini kwenye mteremko. Mtoto aliniambia nisizime, nikamwonesha kwamba najua."

Nilitegemea kelele. Binti yangu akasema taratibu, "Kama kaka."

"Kaka gani?"

"Kaka yangu. Naye alikuwa amezima. Aliniambia hospitali. Alisema baba alitufundisha hivyo, tusimwambie, ataumia."

Nikakaa kwenye kigoda. Mwanangu alinificha hilo miaka yote, anachechemea mbele yangu, ananiletea nyama sikukuu, na mimi namwelezea wageni habari za breki mbovu. Jirani yangu wa Kigoma, ambaye hanyamazi hata msibani, alirudi kwenye kiatu chake.

Mjukuu alikuwa bado amesimama na helmeti mkononi. Nikamwambia, "Chukua."

"Babu?"

"Inafaa. Miguu inafika chini. Nyepesi. Inakatalia stendi. Inakuambia gia. Upepo inauweza. Breki zina akili usipozizimia umeme. Haibebi ndizi, lakini wewe hubebi ndizi, wewe unabeba sindano na dawa. Chukua." Sijawahi kutoa sababu nyingi hivyo maishani.

Mama yake hakusema inafaa wala haifai. Alikuwa ameahidi kutotia neno, akalitimiza. Ila aliuendea ule mkono wa breki uliopinda, akaubana, akauachia, akaubana tena. "Huu unanyooshwa kabla ya Jumatatu," akasema, akaingia ndani kunichemshia maji ya kuoshea kidonda.

Kesho yake nilifungua kioo cha kulia cha pikipiki yangu nikamfungia mtoto kwenye ile nyekundu. Hakifanani, ni cha duara na chake ni cha pembe, lakini kinaonesha mabasi. Kisha nikaenda Hedaru, ambako mwanangu ana duka karibu na maegesho ya malori. Nilimkuta anapanga maboksi ya sabuni. Nikamwambia nilichokwenda kumwambia, nikiwa nimesimama, sikutaka soda kwanza.

Alishika mguu wake, akautikisa kidogo, kama mtu anayeangalia kama bado uko. Halafu akatoka nje akaitazama pikipiki yangu.

"Baba, kile kimteremko cha huku nyuma kabla ya kuingia hapa. Umekishuka vipi?"

"Gia ya pili. Injini inawaka."

"Umechoma mafuta?"

"Nimechoma."

Akacheka mpaka madereva wa malori wakageuka kutazama. Akanipa soda.